Kwenda kuona theluji ya Ruwenzori mkono ukiwa na plasta

Huko Ulaya kuna watu wanaolipa pesa nyingi ili wateleze juu ya theluji, na baadhi yao hurudi nyumbani wamevunjika kifundo cha mkono. Sisi wa Butembo hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Theluji yetu iko juu ya Ruwenzori, na kwa kuanguka, pikipiki na matope vinatutosha. Mwili ni ule ule: ukiteleza, mkono unatangulia chini ili kuokoa uso.

Ndivyo alivyoumia mwenzetu mmoja, wiki mbili kabla ya safari ya kikundi kwenda Mutwanga. Mchango wake alikuwa amemaliza kuutoa, kidogo kidogo, kutoka kwa mauzo ya sombe. Wengine wetu walisema abaki. Yeye akajibu kwamba uliovunjika ni mkono, miguu inatembea. Tukamuuliza muganga aliyemfunga plasta. Akasema: kwa gari aende, kwa pikipiki hapana, maana hawezi kujishikilia, kupanda mlima asijaribu.

Kutoka Butembo mpaka Beni ni kilomita zaidi ya 50. Tulimkalisha mbele karibu na dereva, mkono umefungwa kwa kitenge shingoni, vidole vikiwa juu kuliko kiwiko. Kila gari liliposimama tulimwambia achezeshe vidole. Vikivimba sana, vikiwa baridi, vikibadilika rangi au vikifa ganzi, mtu arudi hospitali siku ile ile bila kungoja kesho, kwa sababu plasta inayobana inaweza kuua nyama ya mkono. Mvua ilipokuja tuliifunika kwa mfuko wa plastiki. Na yule anayeshauri plasta iondolewe ili mkono ukandwe kwa maji ya moto, asalimiwe kwa heshima, lakini mkono asipewe.

Beni tulilala. Tangu 2014 mji huo na vijiji vyake vimezika watu wengi, na hakuna mama anayepita njia ya Kasindi bila kuuliza kwanza habari zake. Tuliuliza jioni, tukauliza tena asubuhi, ndipo tukaondoka. Tulivuka Semliki, tukapita Bulongo, tukafika Mutwanga chini ya mlima, kwenye maji baridi yanayoteremka kwa nguvu. Maji hayo ndiyo yanayotoa umeme wa Mutwanga tangu 2013.

Mlima hauonekani kila saa. Amka mapema, kabla mawingu hayajapanda, hasa kama mvua imenyesha usiku. Siku ya pili tuliiona theluji, nyeupe kabisa, sisi tukiwa tunatoka jasho kwenye migomba! Kilele chake, Margherita, kina mita 5,109, cha tatu katika Afrika baada ya Kilimanjaro na mlima Kenya. Mtemi mmoja wa Italia alikifikia 1906 akakipa jina la malkia wake. Wazee wa Mutwanga wanasema zamani weupe ulikuwa mkubwa zaidi, nao wana haki: barafu ya Ruwenzori inapungua.

Wenzetu wenye nguvu walipanda kidogo msituni pamoja na kiongozi wa njia. Ni mizizi, matope na mawe yenye utelezi, mahali pa kushika kwa mikono miwili. Mwenzetu alibaki chini na wawili kati yetu, fimbo katika mkono mzima, akatembea njia tambarare mpaka mtoni na kurudi. Hapo ndipo alipotuambia kilichokuwa kikimnyima usingizi, nacho hakikuwa mlima. Ilikuwa maharagwe yake, yaliyofika wakati wa kupaliliwa, na jembe halishikwi kwa mkono mmoja.

Tuliporudi Butembo tulipanga zamu, wamama wanne kila Alhamisi. Plasta ilitolewa wiki ya sita. Kifundo kilikuwa kigumu kama kuni, akafundishwa kukikunja na kukinyosha polepole kila siku. Sombe ameanza kutwanga tena. Bidoni ya lita 20 bado inabebwa na binti yake.