Kwenye miamba ya Gabbar Singh

Ukipanda treni ya Mysuru kutoka Bengaluru, kaa dirishani. Baada ya muda wa saa moja hivi, minazi na miforosadi inapungua na mawe yanashika nafasi: majabali makubwa ya kijivu na hudhurungi, yamepandana kama magunia bandarini. Hapo ni Ramanagara, jimbo la Karnataka, kusini mwa India. Mpenzi wa sinema za Kihindi haulizi amefika wapi. Amefika kwa Gabbar Singh, jambazi wa sinema ya Sholay.

Sholay ilianza kuonyeshwa tarehe 15 Agosti 1975. Mwongozaji wake, Ramesh Sippy, na waandishi Salim Khan na Javed Akhtar walikuwa wamezitazama sinema za kauboi wakashiba. Kisa cha kijiji kinachokodi wapiganaji ili kiwashinde majambazi kilikuwa kimekwisha kupigwa na Wamarekani katika The Magnificent Seven, nao walikitoa kwa mwongozaji Kurosawa wa Japani. Mauaji ya familia ya Thakur, yule anayewakodi wapiganaji katika Sholay, yanafuata nyayo za Sergio Leone, mwongozaji Mwitaliano aliyeigeuza Hispania ikawa Texas. Kauboi alifika India akiwa amekwisha kulala katika nyumba nyingi.

Ramanagara ndiyo iliyompa uenyeji. Sinema za majambazi wa Kihindi zilizoea makorongo ya udongo ya Chambal, huko kaskazini, na Sippy alitaka sura nyingine. Msanii wake wa mandhari, Ram Yedekar, akaiona miamba hii. Upigaji picha ulianza Oktoba 1973. Kabla ya hapo ilichongwa barabara kutoka njia kuu, kikajengwa kijiji kizima cha Ramgarh chenye nyumba, msikiti, hekalu, na lile tangi la maji ambalo mwigizaji Dharmendra alilipanda amelewa, akitishia kujirusha kwa ajili ya mapenzi.

Jangwa la Leone liko wazi: mtu huonekana akija tangu yu nukta. Hapa jabali linaficha. Mara ya kwanza Gabbar anapotokea, tunaona buti na kusikia mkanda ukikwaruza mwamba, krr, krr, na uso bado hatujaonyeshwa. Nilipopita kati ya mawe hayo ndipo nilipoelewa kwa nini Amjad Khan, aliyemwigiza Gabbar, alitisha kiasi kile. Nusu ya kazi ilifanywa na jiwe.

Nusu nyingine ni ya nyumbani. Kauboi wa Marekani huja peke yake na huondoka peke yake. Jai na Veeru, wapiganaji wawili waliokodiwa, wanapanda pikipiki moja yenye kigari cha pembeni wakiimba urafiki. Kuna sherehe ya Holi, kuna mjane Radha akizima taa barazani huku Amitabh Bachchan, aliyemwigiza Jai, akipuliza kinanda cha mdomo. Kwetu pwani, ambako sinema ya Kihindi ilikuwa ya familia nzima, bibi na wajukuu, bunduki tupu zisingetosha. Ila mwisho uliharibiwa kidogo: wakaguzi wa filamu walikataa Thakur amuue adui yake Gabbar, polisi wakaletwa dakika za mwisho kumkamata. Hakuna kauboi ambaye angevumilia hayo.

Ramgarh usiitafute, ilibomolewa. Panda ngazi za Ramadevarabetta hadi kwenye hekalu la Rama, kisha tazama genge lililo mkabala. Tumbusi wenye midomo mirefu wanataga humo, na tangu 2012 eneo hilo ni hifadhi yao, ya kwanza ya aina hiyo India. Mawe yenyewe yana umri wa miaka bilioni 2.5 hivi. Mjini kuna soko kubwa la vifuko vya viwavi wa hariri.

Nenda asubuhi kabla jiwe halijashika moto, na viatu viwe vya kung'ang'ania. Ukimwuliza muuza madafu pango la Gabbar liko wapi, atakunyooshea kidole jabali moja. Mwenzake atamcheka na kukuonyesha jingine. Nunua dafu kwa wote wawili.