Singida, Nchi ya Alizeti

Sisi wa kando ya ziwa Tanganyika twayajua mafuta ya mawese tangu utoto. Kwetu Uvira au Kalemie, mtu akitaja mafuta bila neno jingine, twaiona mara rangi nyekundu ya chungu cha mama. Lakini mchikichi ni mti upendao mvua nyingi. Je, watu wa nchi kavu hupikia nini? Tuvuke ziwa, tukajionee.

Msafiri atokaye Kigoma hufuata njia ya reli, iliyofika huko mwaka 1914. Hupita Tabora, hata Manyoni. Hapo hushika barabara ya kaskazini, yapata kilometa 120, mpaka mji wa Singida. Ni nchi ya uwanda wa juu, yenye upepo na majabali makubwa ya matale. Karibu na mji yamelala maziwa mawili ya maji ya chumvi, Singidani na Kindai. Wenyeji ni Wanyaturu na Wanyiramba, wakulima na wafugaji. Mvua huanza Novemba au Desemba, na kufikia Mei imekwisha koma. Mmea wa alizeti, uliotoka Amerika ya Kaskazini, hustahimili nchi hiyo, kwa kuwa mzizi wake huchimba chini sana kutafuta maji. Maua yake yakisha komaa, shamba zima huelekeza uso mashariki, kama watu wanaongojea jua lichomoze.

Mgongo wa ua ukigeuka rangi ya manjano na kahawia, vichwa hukatwa, huanikwa, kisha hupigwa kwa fimbo. Akina mama hupepeta mbegu na kuzianika tena juu ya turubai. Kazi hii haitaki haraka: mbegu iliyowekwa ghalani na unyevu huota ukungu, na ukungu waweza kuzaa sumu inayodhuru watu na mifugo.

Mjini mashine za umeme zanguruma mchana kutwa. Lakini ipo pia mashine ya mkono, iliyobuniwa Arusha mwaka 1985 na Mmarekani Carl Bielenberg. Ina mpini mrefu wa chuma. Mtu akiushusha, mchi husukuma mbegu ndani ya bomba lenye nyufa nyembamba, na mafuta huchuruzika. Mbegu hupashwa moto juani kwanza, ili zitoe mafuta upesi. Kilo nne au tano hutoa lita moja hivi. Mafuta huachwa yatulie siku moja au zaidi, huchujwa kwa kitambaa safi, tena huchemshwa na maji kidogo yenye chumvi, ili utomvu wake ushuke chini. Hatimaye huteka mafuta ya juu, wakayachemsha tena mpaka maji yote yaishe, na kuyahifadhi katika chombo kikavu, mbali na mwanga. Makapi, yaitwayo mashudu, hulishwa kuku, nguruwe na ng'ombe.

Nilimwuliza mama mmoja kwa nini jirani zake wengi huuza mbegu zote bila kukamua. Akajibu, «Mwalimu, wakati wa mavuno mchuuzi yupo mlangoni na ada ya shule yadaiwa. Tukiuza gunia leo, Januari twanunua mafuta kwa kibaba, tena ghali.» Yeye na mumewe wamekata shauri: magunia mawili hayaguswi na mchuuzi. Hayo ni ya chungu cha nyumbani na ya watoto.

Nalifikiri neno lile siku nyingi. Bei ya mbegu haimo mikononi mwa mkulima. Mafuta ya mawese ya Malaysia na Indonesia yakiingia kwa wingi na kwa bei rahisi, alizeti hushuka thamani. Lakini mafuta yaliyomo ndani ya chombo chako hayamwulizi mtu bei.

Basi, wazazi mnaokaa katika nyanda za Katanga, ambako kiangazi ni kirefu, msiidharau mbegu hii. Jirani zetu wa Zambia huilima tangu zamani. Anzeni na kipande kidogo cha shamba. Na siku ya mavuno, kabla ya kumfungulia mchuuzi mlango, baba na mama waketi pamoja wahesabu: jamaa yetu yala lita ngapi kwa mwaka? Hizo ziwekwe kando kwanza.