Barua Kutoka New York: Twiga wa Mama

Picha iliingia kwenye simu jioni ya New York. Nairobi ilikuwa saa saba usiku. Twiga wa waya na udongo, shingo wima, madoa yamepangwa kama ya kiwandani. Chini yake, dada ya mwandishi wa barua hii aliandika kwamba mradi wa binti yake wa Gredi ya 7 hatimaye umekwisha. Binti mwenyewe alikuwa amelala tangu saa tatu.

Kila mzazi wa Kenya anamjua twiga huyo.

Picha hiyo iliuma zaidi kwa kuwa mchana ule mwandishi alikuwa South Bronx, mtaa ambao miaka ya 1970 majumba yake yaliteketea moja baada ya jingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 msanii Tim Rollins, kijana wa Maine, alianza kufundisha sanaa huko katika Intermediate School 52, shule ya watoto wa rika la Gredi ya 7. Wengi katika darasa lake walikuwa wamehesabiwa kuwa hawafundishiki. Walichukua matofali ya vifusi, wakayapaka rangi: dirisha dogo, ukuta, moto ukitoka juu. Jumba zima linaungua, nawe umelishika kwa mkono mmoja.

Baadaye Rollins akawasomea kwa sauti riwaya ya Kafka, *Amerika*, nao wakichora huku wakisikiliza. Kurasa zenyewe zikabandikwa kwenye turubai, na juu yake zikajaa tarumbeta za dhahabu, kila moja na umbo alilobuni mtoto. Kazi hizo zimeingia makumbusho makubwa. Kibandiko kinasema Tim Rollins na K.O.S., kifupi cha jina la kundi la vijana hao, lenye maana ya watoto walionusurika. Bingwa na watoto, mstari mmoja.

Kwetu mabingwa wamejaa. Tabaka, kule Kisii, mawe ya sabuni yanachongwa hatua chache kutoka shuleni. Wamunyu, kule Ukambani, vinyago vimelisha vizazi. Kwa nini basi mtoto aachiwe mama yake na gundi?

Mwalimu mkuu na amwite mchongaji, amlipe ujira wa siku kama fundi mwingine yeyote, si soda na ahadi. Mabaki ya mawe, matofali yaliyovunjika na waya wa ua vinatosha. Mzazi asikimbizwe dukani usiku kutafuta manila. Fundi aonyeshe namna ya kushika patasi na kusugua jiwe kwa msasa na maji, kisha akunje mikono. Alama zisitolewe kwa unadhifu. Majina yaandikwe yote, la fundi na la kila mtoto. Na mama, jamani, alale!

Dada alipotumiwa maoni hayo, hakuyapenda. Alijibu kwamba binti alitengeneza twiga wake kwanza, shingo ikapinda, twiga huyo akawekwa chini ya sinki. Dada ameombwa amtoe, ampanguse vumbi, na asubuhi ampeleke shuleni huyo huyo.