Manyoya Katika Udongo wa Keroka

Ukitoka Kisii mjini kuelekea Sotik, barabara hupanda na kushuka kati ya chai na migomba hata ufike Keroka, mji uliokaa mpakani mwa Kisii na Nyamira. Ardhi yake nyekundu imegawanywa kwa urithi, kizazi baada ya kizazi, hata shamba la ekari moja huhesabiwa kuwa neema.

Sisi wa Mombasa manyoya ya kuku huyatupa jaani. Mama aliyetukaribisha huyalaza katika biwi pamoja na kinyesi, maranda ya bandani na majani ya mgomba, akalinyunyizia maji na kulipindua kila baada ya siku kadhaa. Nilitia mkono ndani nikautoa upesi. Lilikuwa la moto kama chungu jikoni. Unyoya karibu wote ni protini, una naitrojeni nyingi, lakini huoza polepole. Basi husubiri miezi. Mwaka wa kwanza hakusubiri. Alitia kinyesi kibichi penye miche ya sukumawiki, ikaungua yote, na karo ya muhula ule ikabidi itoke kwa mbuzi wake wa pekee.

Siku hizi miche huikuza katika vikopo alivyovikunja kwa maganda makavu ya mgomba, vilivyojaa mboji hiyo. Viriba vya plastiki hubaki shambani miaka na miaka. Hivi huzikwa pamoja na mche, mizizi ikapenya.

Tulinawa, tukabadili nguo, tukaswali adhuhuri barazani kwake. Aliniaga kwa mfuko wa mboji, nami nimeutia wote penye mwasumini wangu.