Kipupwe cha Njombe: Nyumba Huandaliwa Mapema

Ndugu msomaji, mkazi wa Dar es Salaam, Tanga au Mtwara anaposikia neno kipupwe, huufikiria ule upepo mwanana wa mwezi wa Juni unaompunguzia jasho na kumfanya atafute shuka usiku wa manane. Kwake yeye kipupwe ni majira ya nafuu. Lakini katika nchi yetu hii hii wako wananchi wengi ambao kwao kipupwe ni majira ya kazi: kazi ya kuiandaa nyumba, kuitengeneza na kuilinda, ili watoto, wazee na wagonjwa waivuke salama miezi mitatu ya baridi kali. Leo tufunge safari pamoja mpaka Njombe tukaitazame kazi hiyo. Huenda wewe mwenyewe, au mwanao aliyeanza kazi mwaka huu, mkapata barua ya uhamisho wa kwenda huko; basi yafaa mjue mapema yanayowangoja.

SAFARI YENYEWE

Ukiondoka Dar es Salaam kwa basi la alfajiri, una kiasi cha kilomita 700 mbele yako. Utapita Morogoro na Mikumi dirisha likiwa wazi. Utaupanda mlima Kitonga kwa mwendo wa kinyonga, na ukikaribia Iringa utaona abiria mmoja mmoja anafungua begi na kutoa sweta. Ukifika Mafinga, kwenye misitu mikubwa ya misonobari, madirisha yote yamekwisha kufungwa. Makambako ndipo barabara ya Njombe na Songea inapoachana na barabara kuu iendayo Zambia. Ukishuka Njombe jioni ya mwezi wa Julai, utawakuta watu wote wamevaa makoti: mwendesha bodaboda, mwuza viazi, hata mtoto aliyetumwa dukani.

Sababu ya baridi hiyo si ngumu kuielewa. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kila mtu apandapo mita 100 joto hupungua kwa zaidi kidogo ya nusu digrii. Zidisha, nawe utaona kwamba Njombe hupungukiwa na digrii kumi au zaidi ikilinganishwa na pwani. Tena mwezi wa Juni jua liko mbali upande wa kaskazini ya Ikweta, na pepo za Kusi huleta hewa ya ubaridi. Usiku usio na mawingu, joto la ardhi hupaa likapotea angani. Ndiyo maana huko juu zaidi, katika uwanda wa Kitulo wilayani Makete, unaopita mita 2,600, asubuhi nyingine majani huamka meupe kwa sakitu, yaani umande ulioganda, na viazi vilivyopandwa bondeni huungua kana kwamba vimepitiwa na moto.

KAZI YA MWEZI WA MEI

Wenyeji wa nyanda hizi, Wabena na Wakinga na wengineo, hawangoji baridi ibishe hodi. Mvua zikishaisha, mwezi wa Mei, huikagua nyumba. Wewe mgeni fanya vivyo hivyo.

Anza na mahali nyumba ilipo. Hewa ya baridi ni nzito, nayo hutiririka usiku kama maji na kutuama mabondeni. Kwa hiyo ukitafuta chumba cha kupanga, chumba cha mteremkoni ni bora kuliko cha bondeni. Tazama pia madirisha. Katika miezi ya kipupwe jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini, hivyo chumba chenye dirisha la kaskazini hupata joto la bure mchana kutwa. Fungua mapazia jua liingie, kisha yafunge kabla halijazama.

Jambo la pili ni paa. Nyumba za zamani zilizoezekwa kwa nyasi zilikuwa na giza na hatari ya moto, lakini zilihifadhi joto. Bati ni safi na hudumu, ila usiku hupoa upesi, na mvuke wa pumzi za waliolala hugusa bati baridi ukageuka matone yanayodondokea kitandani. Wenyeji husema bati linatoka jasho. Dawa yake ni dari. Dari la mbao, ambazo nyanda hizi zimejaliwa kuwa nazo tele, huacha nafasi ya hewa kati ya chumba na bati, na hewa hiyo iliyotulia ndiyo blanketi la nyumba. Asiyeweza kuezua mfuko kwa dari la nyumba nzima, na aanze na chumba wanacholala watoto.

Jambo la tatu ni nyufa. Pita na mshumaa kuzunguka fremu za milango na madirisha wakati wa upepo. Mahali mwali unapoyumba ndipo baridi inapoingilia. Udongo uliokandwa vizuri au saruji kidogo huziba ufa wa ukuta. Gunia lililokunjwa na kujazwa mchanga, likilazwa chini ya mlango, huzuia upepo wa sakafuni. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini hapa tuongeze jambo: si kila tundu ni ufa. Matundu ya hewa ambayo fundi aliyaacha juu ya dirisha ni pua za nyumba, na nyumba nayo haina budi kupumua. Yaache wazi. Sababu yake utaiona hivi punde.

KUNI NA MATANDIKO

Kuni za kipupwe hazikatwi wakati wa kipupwe. Kuni mbichi hutumia nguvu ya moto kukausha maji yake zenyewe, hutoa moshi mwingi na joto haba. Mwenye busara hukata mapema, akazipasua na kuzipanga upenuni, mahali pasipofikiwa na mvua lakini panapopitiwa na upepo. Miwati, miti iliyoletwa na kupandwa kwa wingi kwa ajili ya magome yake, husifiwa sana kwa kuni zake, kwani huwaka kwa joto kali na kudumu. Moshi nao usitiwe maanani kidogo: huumiza vifua vya watoto na macho ya akina mama. Kama uwezo upo, jenga dohani ya matofali juu ya meko, ili joto libaki na moshi uende zake.

Kitandani, watu wengi hujifunika mablanketi matatu wakasahau kwamba baridi hutoka chini pia. Tandika jamvi au blanketi kuukuu chini ya godoro, na usilaze mtoto juu ya mkeka mtupu kwenye saruji. Anika matandiko juani mchana, kwa sababu blanketi lenye unyevu halimfai mtu. Kabla ya kulala, jaza chupa maji ya moto, ifunge barabara, izungushie kitambaa, uiweke miguuni. Hiyo ni njia nyepesi, haina gharama, tena haina moshi wala sumu.

JIKO LA MKAA CHUMBANI

Sasa, ndugu msomaji, tumefika kwenye jambo ambalo kwa ajili yake makala haya yameandikwa. Mgeni ambaye hakuiandaa nyumba yake mwezi wa Mei hutafuta njia ya mkato mwezi wa Juni. Baada ya kupika chakula cha jioni, huona mkaa mwekundu umebaki jikoni, hauna moshi, unapendeza kwa joto. Huliingiza jiko chumbani, hufunga mlango na dirisha, huziba hata yale matundu ya hewa kwa matambara, kisha hulala na mkewe na watoto. Asubuhi majirani hubisha hodi, wasijibiwe. Misiba ya namna hii imetokea katika mikoa yetu ya baridi zaidi ya mara moja, tena imechukua familia nzima.

Mkaa unaowaka mahali penye hewa finyu hutoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haikerezi koo. Hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200, na hivyo damu hushindwa kuupelekea mwili oksijeni unayoihitaji. Aliye macho huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, na miguu humlegea. Aliyelala hajui lolote. Usidanganyike kwamba mkaa usiotoa moshi ni salama, wala kwamba kuufunika kwa majivu kunatosha, maana mkaa unaofifia bado hutoa sumu hiyo.

Ikitokea mmemkuta mtu katika hali hiyo, fungueni milango na madirisha, mtoeni nje penye hewa safi mara moja, na mumpeleke hospitali hata kama amezinduka. Mwelezeni mganga kwamba kulikuwa na jiko chumbani, ili asidhani ni malaria au uchovu.

Wenye umeme hutumia hita. Nazo zina adabu zake: isiunganishwe kwenye waya mwembamba pamoja na pasi na birika, isianikiwe nguo juu yake, na izimwe kabla ya kulala.

WATOTO NA WAZEE

Mtoto mchanga hupoteza joto upesi, hasa kichwani. Mvalishe kofia na soksi, na umkumbatie kifuani ngozi kwa ngozi huku mmefunikwa. Joto la mama halina sumu. Mzee naye, aghalabu, hasemi kwamba anaona baridi kwa kuogopa kuwasumbua wanawe. Mpeni chumba chenye jua, na mchungulieni usiku.

Kama unaye ndugu aliyehamia Njombe, Makete, Mufindi au Mbeya, usingoje barua yake. Mpigie simu leo, umwulize kama amepata sweta na mablanketi, kisha umwulize jiko lake hulala wapi. Jibu lililo sahihi ni moja tu: jiko hulala nje, watu hulala ndani.