Ng'ombe wa Kienyeji wa Wazungu

Kuna maneno mawili ambayo sisi wa Kitivo cha Elimu tutayafundisha mpaka tustaafu: "kienyeji" na "kisasa". Kuku wa kienyeji, mahindi ya kienyeji, ng'ombe wa kienyeji. Kwenye madaftari ya shule, kienyeji ni kidogo, chembamba na kinachelewa. Kisasa ni kikubwa, kina haraka, na mara nyingi kimetoka Ulaya.

Muhula uliopita nilikuwa Uskoti kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi, Januari mpaka Mei. Tangu nirudi nimeulizwa sana kuhusu theluji, chakula, na kama nimeleta laptop. Leo naomba nizungumzie ng'ombe.

Nina sababu. Kwetu ni Makete, upande wa Kitulo, na anayedhani Tanzania nzima ni joto aje Juni aone sakitu inavyounguza viazi. Baba ana ng'ombe wanne wa kienyeji, wale wadogo wenye nundu. Kabla sijaondoka, jirani alikuwa anauza mtamba chotara, na kaka yangu akashika bango: tuuze watatu tumnunue huyo mmoja. Baba hakusema ndiyo wala hapana. Aliniambia tu, "Mwanangu, huko uendako nako ni baridi. Kaangalie wanafuga ng'ombe gani."

Basi nilikwenda na kazi ya nyumbani. Mhadhiri mmoja kule alinikutanisha na mzee anayefuga maeneo ya Perthshire, si mbali na mji wa Crieff, na Jumamosi nyingi nilipanda basi kwenda kumsaidia kulisha.

Nilitegemea kukuta ng'ombe wakubwa ndani ya mabanda yenye mashine. Nikakuta ng'ombe wafupi, wenye pembe ndefu zilizotanuka na nywele zilizofunika macho, wamesimama nje kwenye theluji wakicheua kama wako Dodoma. Wanaitwa Highland, yaani ng'ombe wa milimani. Jike lina kilo kama 500, dume kama 800. Kwa vipimo vya Ulaya hao ni wadogo. Mzee aliponiambia kwamba ndio ng'ombe wao wa asili, wa tangu mababu, nilicheka peke yangu. Kumbe na Wazungu wana kienyeji!

Siri ya kwanza ni koti. Wana manyoya ya tabaka mbili: ya nje marefu, yenye mafuta, maji yanateleza na kudondoka, ya ndani mafupi na laini kama sufi, yanashika joto la mwili. Mzee alinitumbukiza vidole ndani ya manyoya ya jike mmoja wakati juu kuna barafu. Ndani pakavu na pa moto. Kwa kuwa koti linafanya kazi hiyo, mnyama hahitaji kuweka mafuta mengi chini ya ngozi, ndiyo maana nyama yake haina mafuta mengi. Zile nywele za usoni humkinga macho dhidi ya upepo na mvua, na kiangazi dhidi ya nzi.

Siri ya pili ni tumbo, na hii ndiyo iliyonikaa kichwani. Kwenye miteremko ile kuna nyasi ngumu, matete ya majimaji na vichaka ambavyo ng'ombe wa kisasa angevinusa akaondoka. Hawa wanakula. Theluji ikifunika, wanaichimbua. Mzee alikuwa anawaongezea majani makavu na jiwe la madini, basi. Hakuna pumba za gharama, hakuna banda la kupasha joto. Majike yake mengi yalikuwa yanazaa yenyewe porini bila msaada, na mengine yalikuwa na umri mkubwa na bado yanazaa.

Nilimuuliza, hivi ni baridi inayoua ng'ombe? Akasema baridi kavu yenye ng'ombe aliyeshiba haina shida. Kinachoua ni mvua, upepo na njaa vikikutana siku moja. Sentensi hiyo niliiandika nyuma ya kitabu changu cha Saikolojia ya Elimu.

Sasa nisiwapambe. Kazi ile ina machungu yake. Sehemu zenye majimaji zina minyoo ya ini, lazima dawa. Manyoya marefu ni nyumba nzuri ya chawa. Na kubwa kuliko yote, wanakua polepole. Mbegu kubwa za Ufaransa, kama Limousin na Charolais, zinafika sokoni mapema. Hawa wanahitaji karibu miezi 30 au zaidi. Baada ya ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe, mwaka 1996 serikali ya Uingereza ilipiga marufuku nyama ya ng'ombe wa zaidi ya miezi 30 kuingia kwenye chakula cha binadamu, na katazo hilo lilidumu mpaka 2005. Fikiria wewe ni mfugaji ambaye mnyama wake ndiyo kwanza anajaza mwili akifika umri huo.

Na haikuwa mara ya kwanza kusukumwa pembeni. Katika karne ya 18 ng'ombe weusi wa milimani walikuwa wanaswagwa kwa miguu siku nyingi mpaka mnada wa Crieff, na baadaye Falkirk, ili wauzwe kusini. Kisha wamiliki wa ardhi wakaona kondoo wanalipa zaidi, wakawaondoa watu na ng'ombe wao. Mwaka 1884 wafugaji waliunda chama cha mbegu hiyo, na 1885 wakachapisha daftari la kwanza la ukoo wake. Yaani waliwaandikia ng'ombe wa kienyeji cheti cha kuzaliwa! Leo wako mpaka Kanada na Ujerumani.

Mtoto wa yule mzee alitaka wabadilishe waweke Limousin. Mezani hawakuelewana, nami nilikaa kimya nikinywa chai, maana nilikuwa nasikia sauti ya kaka yangu kwa Kiingereza. Mzee hakumjibu kwa habari za mababu. Alichukua karatasi. Upande mmoja akaandika bei ya mnyama sokoni, upande wa pili chakula cha kununua, banda, mafuta ya trekta, daktari wa mifugo. Limousin alishinda juu. Kule chini, palipobaki faida, tofauti ilikuwa ndogo mno, na mwaka wa chakula ghali alishindwa. Akamwambia kijana wake, ukiwa na shamba zuri la bondeni, fuga hao. Sisi tuna mlima.

Nilimpigia baba Jumapili iliyofuata. Shikamoo, marahaba, habari za viazi. Nikamwambia nimewaona. Akauliza, "Sasa tuagize hao wenye manyoya?" Nikasema hapana baba, hao ni wa kwao. Nikamweleza kwamba hata baridi yetu si hoja. Shamba la serikali pale Kitulo linafuga Friesian na baridi hiyohiyo. Lakini wale wanalishwa. Chotara wa jirani atastahimili baridi akishiba, na maziwa yake ng'ombe wetu hawezi kuyatoa hata kwa maombi. Swali ni nani atamshibisha Agosti, nyasi zikikauka, na pumba atanunua kwa hela gani. Hawa wanne wanajitafutia mlimani, wanatupa samadi ya viazi, na mmoja wao ndiye aliyelipa ada yangu ya mwaka wa kwanza bumu lilipochelewa. Tukiuza watatu, nyumba nzima itaegemea mguu wa mnyama mmoja.

Sikumwambia auze au asiuze. Nilimtumia ile karatasi ya safu mbili nikiwa nimeacha nafasi za namba zetu, ajaze yeye.

Baba aliuza mmoja. Hela ile imejenga banda dogo na kuotesha majani ya kulishia pembeni mwa shamba la viazi. Majani yakivuka kiangazi hiki bila kuisha, ndipo chotara ataongelewa tena. Jirani ameshamuuzia mtu mwingine yule mtamba, na kaka ananijibu meseji kwa neno moja moja. Anasema nimesomeshwa Ulaya nikarudi na mawazo ya babu. Namwelewa, yeye ndiye anayeamka saa kumi na moja kwenda kukamua jike linalotoa kikombe.

Mwezi ujao naenda mazoezi ya kufundisha. Mada ya mifugo ikifika, mbegu za kienyeji na za kisasa nitaziandika ubaoni kama mtaala unavyotaka. Halafu nitachora safu mbili, niwape wanafunzi chaki, niwaulize: bora kwa mlima gani, na kwa lishe ya nani?