Picha za Zamani za Mpakani na Tunayoyaona Leo: Tororo, Mella na Busia

Mwezi huu nawaletea habari za safari ya mpakani, kule ambako Uganda na Kenya zinakutana: Tororo, Mella, Malaba na Busia. Wengi wetu tunapajua. Sisi tuliotoka Kenya mwanzoni mwa 2008, baada ya vurugu za uchaguzi, tulivukia huko, tukakaa Mulanda katika wilaya ya Tororo, ndipo baadaye tukaletwa hapa Kiryandongo. Mimi nilikuwa mtoto mdogo wakati huo, kwa hiyo safari hii nilikwenda kama mtu anayeona kwa mara ya kwanza.

Shule ilipofunga nilikuwa nakwenda kusalimia jamaa Mella. Mzee mmoja wa bloku yetu akanipa picha tatu nyeusi na nyeupe, za kati ya 1969 na 1971. Siku hizo alikuwa utingo wa lori la mizigo kati ya Nairobi na Kampala. Akaniambia, "Mwalimu, simama pale pale, upige picha na simu yako, uniletee. Nataka kuona kama kumebaki kitu." Mzee anafikiria kurudi nyumbani. Watoto wake hawataki, wanasema kule hakuna wanachokijua. Kwa hiyo hizi picha si mchezo.

Picha ya kwanza: lori na mwamba

Lori ni Bedford, gari la Uingereza, pua imetokeza mbele, bodi ya mbao. Namba inaanza na K, maana yake gari la Kenya. Mzee amesimama kando, kijana mwembamba, ameshika kipande cha mbao. Kile kipande ndicho kilikuwa kazi yake! Lori likishindwa na mlima, utingo anaruka chini mbio anakisukuma nyuma ya tairi lisirudi.

Nitapajuaje mahali? Nyuma ya lori kuna mwamba wa Tororo. Ule mwamba una urefu wa mita 1,483 kutoka usawa wa bahari, unaonekana toka mbali sana, na haujasogea hata hatua moja. Nilitembea barabarani huku nimeinua picha mpaka kilele na mabega ya mwamba vikalingana na vile vya kwenye picha. Hapo ndipo nikapiga.

Leo pale hakuna Bedford. Kuna trela ndefu zenye kontena na malori ya mafuta, yamepangana kuelekea Malaba. Madereva wanapika chai chini ya trela. Zamani safari ilicheleweshwa na mlima na matope. Leo mara nyingi inacheleweshwa na foleni. Mzee alipoona alicheka, akauliza: "Na utingo yuko wapi?" Nikamwambia bado wapo, ila kipande cha mbao sikukiona.

Picha ya pili: duka la varanda

Hii ilipigwa mjini Tororo. Mbele ya duka kuna Peugeot 404, teksi ya siku hizo. Vijana wa leo hawaijui, lakini wazee wataniunga mkono: gari hilo la Ufaransa lilishinda mashindano ya Safari mwaka 1963, halafu 1966, 1967 na 1968, kwenye barabara zetu hizi za mavumbi. Duka lina varanda yenye nguzo, na juu ukutani jina la mwenye duka na wanawe, Wahindi.

Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke Uganda, akawapa siku 90. Wengi walipanda treni wakapitia hapo hapo Tororo kwenda Mombasa kutafuta meli. Mzee anakumbuka behewa zilizojaa, watu wamekaa juu ya masanduku, na wengine walikuwa wamezaliwa Uganda kama wazazi wao. Yule mwenye duka alimuuzia betri za tochi wiki moja, wiki iliyofuata mlango umefungwa.

Nilikuta majengo ya aina hiyo bado yamesimama. Nguzo zipo, zimepakwa rangi za kampuni za simu. Ndani wanauza vocha, wanatuma pesa, wanachaji simu. Jina lililokuwa ukutani limefunikwa na rangi, ila jua likipiga kwa upande unaona alama za herufi chache.

Wasomaji, hapa nilisimama muda mrefu. Hao nao walikuwa wakimbizi, ingawa walikuwa na maduka. Na historia yao haikuishia kwenye treni. Miaka ya 1990 baadhi yao walirudi kudai majengo yao, na serikali ya Uganda ikarudisha mengi. Lakini kudai kunataka ushahidi: hati, risiti, barua, jina.

Picha ya tatu: baiskeli ya Busia

Kijana yuko juu ya baiskeli nyeusi, nyuma amefunga kiti cha sponji, na mama mmoja amekaa upande na kikapu. Kati ya kizuizi cha Kenya na cha Uganda palikuwa na mwendo wa kutembea, na mizigo mizito. Basi vijana wa Busia wakaanza kubeba watu kwa baiskeli, wakiita abiria kwa neno la Kiingereza la mpaka: "boda! boda!" Neno hilo leo liko Kampala, Nairobi, Juba. Lilizaliwa hapo mpakani.

Leo pale kuna pikipiki nyingi, Bajaj za India, ingawa baiskeli hazijakwisha. Jengo nalo limebadilika. Zamani ulipanga foleni upande mmoja, ukavuka, ukapanga tena upande wa pili. Mwaka 2018 marais wa nchi zote mbili walifungua kituo cha pamoja Busia, ambapo msafiri anamaliza mambo yote kwenye upande anaoingia.

Na mpaka wenyewe je? Ungekuwa na picha ya mwaka 1901 usingeuona hapo. Wakati huo eneo la Uganda lilifika hadi Naivasha. Mwaka 1902 Waingereza walihamisha mkoa huo wa mashariki kwenda upande wa Kenya. Wateso na Wasamia hawakuhama. Mstari ndio ulihama, ukawakuta kwao.

Mella haina picha

Nilipofika Mella niliuliza nani ana picha za zamani. Hakuna. Kamera zilifuata reli na barabara kubwa, hazikuingia kwenye mashamba ya mihogo na mtama. Lakini bibi wa pale nilipofikia alinishika mkono akanizungusha: "Hapa palikuwa nyumba ya nyasi ya baba mkwe. Pale ng'ombe walilala. Mti huu ndio mpaka wetu na jirani." Leo nyumba ni ya mabati na mti umebaki kisiki. Nilipiga picha ya kisiki, nikaandika maneno yake yote. Bila maneno yake, kile ni kisiki tu.

Kumbe picha peke yake haitoshi. Mzee ana picha, lakini nyuma hakuna hata jina moja. Akiondoka yeye, watoto wake watabaki na lori wasilolijua na kijana mwembamba asiye na jina. Darasani niliwaambia watoto wachore nyumbani kwao. Wengi walichora turubai na bomba la maji. Si kosa lao, ndiyo nyumbani wanakokuona.

Kwa hiyo naomba kila familia ifanye mambo matatu mwezi huu:

1. Andika kwa penseli nyuma ya kila picha: nani, wapi, mwaka gani. Kama haujui, uliza mzee leo, usingoje.
2. Angalia nyuma ya watu: mti, kisima, nyumba ya jirani. Picha si hati ya shamba, lakini inakukumbusha majirani wanaoweza kukushuhudia siku ukirudi.
3. Kama hakuna picha, mzee aseme, mtoto aandike na kuchora. Kama bibi wa Mella.

Picha zitunzeni ndani ya nailoni pamoja na kadi za familia, mvua zisiziharibu. Asiyejua kuandika anione shuleni Jumamosi mchana, tutaandika pamoja. Picha utarudi nayo nyumbani kwako.

Ni mimi mwalimu wenu wa kujitolea.